Njia ya Kwenda Uani

Siku ya tatu baada ya kaka yangu kurudi Kampala, niligundua kwamba baba hanywi tena chai yake. Kila asubuhi nilimwachia chupa ya chai na jagi la maji juu ya kigoda karibu na kitanda, kisha nikaenda kazini. Nikirudi saa kumi na moja jioni nakuta chupa imejaa vilevile, na maji ya jagi yameshuka kidole kimoja tu. Siku ya kwanza nilidhani hapendi chai yangu. Siku ya pili nilidhani anaumwa. Siku ya tatu nikamuuliza.

"Baba, mbona hunywi?"

"Mimi hapana sikia kiu."

Ulikuwa mwezi wa jua kali, na hata kuku wa Koboko walikuwa wanahema kivulini. Haiwezekani mtu asisikie kiu. Nikaitazama ndoo yenye mfuniko iliyokuwa pembeni mwa kitanda, nikaelewa. Baba hakunywa ili asiihitaji ndoo, na hakutaka kuihitaji kwa sababu aliyekuwa akiimwaga ni mimi. Kila alfajiri nilipoibeba kupeleka chooni aligeuza uso ukutani, nami nilijifanya sikuona.

Yote yalianza na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidogo kama punje ya mahindi. Baba ana kisukari, na kidonda kile hakikutaka kupona. Tulimtoa Midia, kwenye shamba lake la mihogo, tukampeleka hospitali Arua, na huko mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alipotoka hakuweza kurudi kwake. Mama alishafariki zamani. Kaka zangu wako mbali. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, Koboko mjini, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoijenga pole pole baada ya kuachana na mume wangu. Watoto wangu walikuwa shule ya bweni Arua, kwa hiyo chumba chao kilikuwa wazi. Baba akaingia humo na kiti cha magurudumu tulichopewa na jamaa mmoja wa msikitini.

Wiki mbili za kwanza kaka yangu mkubwa alikuwa nasi. Yeye ndiye aliyemwogesha baba na kumbeba mgongoni kwenda chooni. Likizo yake ikaisha, akaondoka. Kwetu binti hamwogeshi baba yake wala hamshiki kiunoni kumweka chooni. Labda wapo wanaoweza. Baba yangu, askari mstaafu aliyetuamuru tugonge mlango hata kama uko wazi, hakuweza, na mimi nikiri kwamba sikuweza pia. Sote wawili tuliona haya, na kati yetu kulikuwa na ndoo.

Choo kilikuwa kona ya uwanja, hatua kumi na tano kutoka mlango wa nyuma. Kwa mwenye miguu miwili si kitu. Kwa kiti cha magurudumu kulikuwa na vidaraja viwili vya ngazi ya mlangoni, udongo laini, na kibanda chenye shimo la kuchuchumaa. Nilimwita fundi. Alikuja, akapima kwa macho, akaongea na simu yake kwa muda mrefu, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu ikapita, na nyingine, nikasikia amepata kazi ya nyumba kubwa ng'ambo ya mpaka.

Basi nikaamua kufanya mwenyewe. Kazi yangu ni ya kuandika makaratasi ya mizigo katika kampuni ndogo inayopitisha bidhaa mpakani. Vyombo vyangu ni kalamu, muhuri na kompyuta. Mwiko niliokuwa nimewahi kuushika ni wa ugali tu. Lakini nilikuwa na saa mbili hivi za mwanga kila jioni, tangu kutoka kazini hadi adhana ya magharibi, na sikuwa na mtu wa kumngoja.

Nilinunua mwiko wa ujenzi, karai, koleo na mifuko ya saruji. Katika simu niliangalia mtu fulani akijenga njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu. Alimaliza kwa dakika nne, akatabasamu. Mimi ilinichukua jioni nne. Niliweka mbao pande mbili, nikajaza matofali yaliyovunjika, nikamwaga zege juu. Mikono ilibabuka. Kazini nilikuwa nikipiga muhuri kwa kiganja badala ya vidole.

Baba alinitazama kupitia dirisha la chumba chake. Hakusema kitu ila jioni ya pili.

"Iko fupi," alisema.

Nilidhani anasema ubao. Nikautoa, nikaweka mrefu zaidi.

Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyejenga msikiti. Nilimwambia baba, "Tungoje wiki nzima ikauke vizuri. Jumapili nitakushusha mwenyewe, taratibu."

"Sawa, mama," alijibu. Huniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Hakungoja Jumapili. Siku ya Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa nyuma uko wazi. Baba alikuwa uwanjani, kwenye kiti chake, kanzu imejaa udongo, kiwiko kimefungwa kitambaa chekundu nisichokijua. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa jirani yangu akimenya karanga. Jirani huyu ni mama wa Sudan Kusini, mwenye umri kama wangu. Alikaa kwanza katika kambi ya wakimbizi kule Omugo, kisha akahamia Koboko kupanga chumba nyuma ya uwanja wangu na kuuza karanga za kusaga sokoni. Tulikuwa tukisalimiana juu ya ua wa fito, tukigawiana moto na chumvi, basi.

"Dada, malesh," alinipa pole kwa Kiarabu cha kwao, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Mzee iko sawa. Mukono tu."

Alinieleza, naye baba ametazama pembeni. Yeye jirani alikuwa anapalilia mboga zake karibu na ua aliposikia kishindo. Baba alikuwa ameteremka peke yake. Kiti kilipofika katikati kikamshinda, kikakimbia, kikapinduka chini. Jirani aliruka matuta yake, akamkimbilia, akanyoosha mikono amwinue. Baba akamwambia asimguse.

"Nikasema sawa," aliendelea jirani. "Nikakaa chini pamoja na yeye. Tukakaa. Halafu nikaleta tofali mbili, akapanda na matako. Nikaleta kigoda, akapanda. Nikashika kiti isitembee, akapanda. Yeye mwenyewe. Mimi hapana gusa."

Nilimshukuru. Alipovuka kurudi kwake nikamgeukia baba.

"Nani alikwambia uteremke? Nilikuambia Jumapili! Ungevunjika mguu uliobaki, ningefanya nini mimi?"

Baba hakukasirika. Alikuwa anaondoa udongo kwenye gurudumu kwa kucha.

"Mlima yako iko kali sana," alisema. "Nilikuambia iko fupi."

"Lakini kwa nini hukungoja?"

"Nilitaka kwenda uani kama mutu."

Nilikaa kwenye kigoda alichokiacha jirani. Nikamuuliza kama alifika.

"Hapana," alisema. Nikaona kwamba kanzu haikuwa na udongo tu, ilikuwa imelowa.

Nilimchemshia maji, nikaweka beseni, sabuni na nguo safi chumbani, nikatoka nje na kufunga mlango. Nilisimama uwanjani nikisikia maji yakimwagika kidogo kidogo ndani, na nikaichukia ile kazi yangu ya jioni nne kuliko kitu chochote duniani.

Kesho yake nilirudi na wazo la kumtafuta fundi mwingine, hata wa kutoka Arua. Baba alikuwa mlangoni ananingoja.

"Vunja," alisema.

"Nitaita fundi, baba."

"Fundi gani? Wewe vunja. Mimi nitaonyesha."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mtoto angepaswa kulijua tangu zamani. Sikuzote nilijua kwamba baba alikuwa askari. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya uaskari wake hakushika bunduki bali koleo. Kikosi chake kilijenga mabweni ya askari, mifereji, madaraja madogo ya magari. Hakuwahi kusimulia, nasi hatukuwahi kuuliza. Watoto wa askari huku kwetu hufundishwa mapema kutouliza.

Nilivunja njia yangu kwa nyundo kubwa niliyoazima kwa jamaa mmoja mwenye gereji. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, na kila tofali lililobanduka baba aliliomba, akaligonga kwa lingine kulisafisha, akalipanga kando ya kiti. Mpaka magharibi alikuwa na ukuta mdogo wa matofali mazima.

"Sasa pima," alisema. Aliweka kiganja chake kwenye vidaraja, kidole gumba mpaka cha mwisho. "Shibiri mbili kwenda juu. Kila shibiri moja ya kupanda, shibiri kumi na mbili ya kutembea. Wewe uliweka ngapi?"

Nikapima alama iliyobaki ardhini. Shibiri nane.

Baba alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Arua. "Hata gari ya jeshi hapana panda hiyo."

Alinituma ninunue mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga. Tukaujaza maji. Yeye alishika ncha moja mlangoni, mimi nikashika nyingine mwisho wa uwanja, na pale maji yalipotulia kwangu ndipo palipokuwa sawa na kwake. Nikatia alama kwenye mti. Nilimwambia kwamba simu yangu ina kipimo cha kufanya hivyo.

"Simu inaweza danganya," alisema. "Maji hapana."

Tatizo likawa nafasi. Kutoka mlangoni hadi ua hapakufika shibiri ishirini na nne. Ilibidi njia iende mpaka karibu na ua, iwe na mahali tambarare pa kugeuzia kiti, kisha ifuate ua kuelekea chooni. Na kando ya ua ndipo palipokuwa na mboga za jirani. Ule ukanda nilimwazima mwaka uliotangulia, alipofika na mzigo mmoja na hana pa kupanda. Kwa karatasi ulikuwa wangu, kwa jembe ulikuwa wake. Alikuwa amebeba mbolea ya mbuzi kwa karai mpaka udongo ukawa mweusi, na dodo zake, ule mchicha wa kwetu, zilikuwa zimefika magotini.

Nilizunguka siku mbili bila kumwambia. Nilijipa sababu ya mvua, sababu ya kuchoka. Mwishoni baba ndiye aliyeniita.

"Mama, ile mutu alikaa na mimi chini katika udongo. Nenda umuulize vizuri."

Nikaenda. Nilimkuta anakoroga karanga kwenye sufuria pana. Nikaanza kwa kuzunguka, nikataja mteremko, nikataja shibiri. Aliendelea kukoroga.

"Unataka shamba," alisema.

"Ndiyo. Si lote. Upana wa kiti na kidogo zaidi."

Ninakumbuka kwamba hakuniambia haidhuru, wala hakutabasamu. Ilidhuru, na aliacha nione kwamba inadhuru.

"Omugo nilijenga nyumba mara mbili," alisema hatimaye. "Ya kwanza mvua ilichukua. Najua kitu kuanza tena." Akapangusa mikono. "Kesho navuna. Wewe usichimbe mpaka nivune. Na ile udongo nyeusi usitupe. Nitabeba."

Jioni iliyofuata tulivuna pamoja. Alinipa fungu kubwa, mengine akayapeleka sokoni. Kisha tukahamisha udongo ule mweusi, karai baada ya karai, upande wa pili wa chumba chake, ambako mwenye nyumba aliyempangisha alikubali kuhamisha rundo lake la kuni. Tulifanya hivyo jioni tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba ujenzi ni kubeba udongo zaidi kuliko kujenga.

Kuanzia hapo tukawa watatu. Mimi nilichimba na kuchanganya. Baba alikaa kwenye kiti chake na kamba, mpira wa maji na maneno. Jirani alikuja akimaliza biashara, akafunga leso kiunoni na kushika koleo bila kuuliza. Baba alituamuru kama askari wapya.

"Maji mingi! Hiyo ni zege ama ni uji?"

"Baba, isipokuwa laini haitaenea."

"Itaenea na mukono. Ongeza kokoto."

Siku ya kumwaga zege la mwisho nilichukua ruhusa ya mchana. Nilitaka juu pawe laini kama kioo, nikapiga mwiko mpaka pakang'aa. Jirani alisimama akitazama, kisha akachukua ufagio wa njiti na, kabla sijamzuia, akauburuta juu ya zege bichi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mistari ikaonekana sehemu yote niliyoilainisha.

"Unaharibu!" nilisema.

"Mvua ikija, hii laini yako itamwangusha tena," alijibu. Akaburuta tena.

Nilimtazama baba anitetee. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu alifaa jeshi," alisema.

Tulifunika zege kwa magunia, na baba akapewa kazi ya kuyamwagia maji wiki nzima nikiwa kazini, asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alilinda njia ile kama lango la kambi. Kuku akikanyaga alimtupia punje za kokoto. Jirani alinieleza kwamba alikuwa akinywa maji kutoka jagi lilelile la kumwagia, akijisahau.

Choo kilikuwa kazi yangu zaidi. Hapo baba hakutaka kutoa amri, wala hakutaka kuulizwa. Nilihitaji kujua kimo cha kiti cha kukalia juu ya shimo, kimo ambacho mtu wa mguu mmoja anaweza kukaa na kuinuka bila kushikwa. Sikuthubutu kuuliza. Siku moja alipokuwa nje nilipima kitanda chake, kigoda chake na kiti chake cha magurudumu, nikachukua cha katikati. Nikajenga sanduku la matofali juu ya shimo, nikalipaka saruji, nikachonga kifuniko cha mbao na kukisugua kwa msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Niliupanua mlango kwa tofali moja kila upande. Tofali la juu lilianguka, likanikosa kichwa kwa upana wa kiganja. Sikumwambia mtu.

Vya kushikilia nilivifuata Arua. Nilikwenda Jumamosi kuwaona watoto, nikapita kwa mchomeleaji mmoja kule sokoni, nikamwagiza akate mabomba mawili ya chuma na kuyapinda ncha. Akanitazama.

"Mama, mzee yako iko wapi, anakutuma kubeba chuma?"

"Mzee wangu yuko Koboko, ananingoja," nilimjibu. Ilikuwa kweli, ingawa yeye alifikiria mzee mwingine. Nilitembea na mabomba yale begani hadi kwenye magari ya Koboko, na watu walinipisha njia. Sijawahi kupishwa hivyo nikiwa na mkoba wa ofisini.

Kuyafunga ukutani kulinishinda mara ya kwanza. Nilipiga patasi kwa haraka kwa sababu giza lilikuwa linakaribia, tofali likapasuka, na nilipovuta bomba likatoka na kipande cha ukuta. Nikaketi chini nikakitazama kile kipande. Zamani ningelia. Siku ile nilikwenda kuoga, nikala, nikalala, na kesho yake nikaanza tena, taratibu, tundu dogo kwanza. Nilipomaliza niliachia siku sita, kisha nikaning'inia kwenye mabomba kwa uzito wangu wote, miguu juu. Yalishika.

Jumapili asubuhi nilimwambia baba, "Kila kitu kiko tayari." Nikachukua kikapu nikamwambia naenda sokoni. Sikuwa na cha kununua. Nilizunguka kati ya nyanya na dagaa, nikauliza bei za vitu nisivyovihitaji, nikakaa na jirani kwenye meza yake ya karanga. Naye hakuniuliza kwa nini nimekuja. Tulikaa kama watu wanaosubiri habari za hospitali.

Niliporudi baba alikuwa kwenye sehemu tambarare ya njia, pale pa kugeuzia, ameoga, amevaa kofia yake. Nilimsalimu. Alijibu. Nikapita ndani, nikaweka kikapu kitupu. Baadaye kidogo akaniita.

"Mama."

"Naam, baba."

"Komeo ya choo iko juu sana. Mutu akikaa kwa kiti hapana fika."

"Nitalishusha kesho."

"Shusha leo."

Nikalishusha jioni ileile. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile, skrubu nne tu. Ndoo nikaiosha kwa jiki, nikaiweka jikoni kwa maji ya kufulia.

Baada ya hapo nilimjengea mahali pa kutawadhia, bomba fupi na jiwe la kukalia, na ilinichukua wikendi moja tu. Mikono ilikuwa imejifunza. Baba akaanza kwenda swala ya Ijumaa, kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya magurudumu matatu akija kumchukua. Jioni alivuka upande wa jirani, akakaa akimmenyea karanga huku wakibishana juu ya barabara za Yei, ng'ambo ya mpaka, ambazo yeye alizijua akiwa askari na mwenzake akiwa mtoto. Alinenepa kidogo. Mwaka ukaisha hivyo, na nadhani nilikuwa nimeshajizoesha kwamba ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Siku moja, tunakula, akaniambia anataka kurudi Midia.

Nilicheka, nikidhani anatania. Kisha nikaona hatanii.

"Kuna kitu kimekuudhi hapa?"

"Hapana. Hapa iko nzuri."

"Basi kwa nini?"

Alimega ugali, akauviringa muda mrefu. "Wakati ule singeweza kwenda uani, singeweza kwenda Midia. Sasa naweza kwenda uani."

Niliumia, sitaficha. Nilihesabu moyoni magunia ya mchanga, na zile mboga za jirani, na tofali lililonikosa. Nilikuwa nimeijenga njia ile ili akae. Siku mbili tulizungumza habari za mvua tu. Kisha nilimkuta ametoa mpira wa maji kwenye msumari, ameukunja vizuri, ameufunga kwa kamba, ameuweka juu ya begi lake. Hakuwa anakimbia kwangu. Alikuwa anarudi kwenye shamba lake, na alitaka mimi nije na koleo.

Basi nikaenda. Binamu yangu na mkewe wanakaa jirani na nyumba yake kule Midia, na walikubali kumpikia na kumwangalia. Jumamosi saba mfululizo nilipanda gari asubuhi na mapema na vifaa vyangu kwenye gunia. Nyumba ya Midia iko chini, kidaraja ni kimoja, na ardhi inateremka yenyewe kuelekea nyuma, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi. Safari hii baba aliteremka kutoka kwenye kiti, akakaa kwenye mkeka, akachukua mwiko mwenyewe. Alipaka pembe za mwisho za njia kwa mkono wa mtu aliyeacha kazi miaka mingi na bado anaijua. Nilimwona akiinamisha kichwa kutazama ubapa wa saruji kwa jicho moja. Nikajiuliza ningemwonaje hivyo kama mguu wake ungebaki.

Yuko huko mpaka leo. Analima kwa maneno. Binamu yangu analima kwa jembe. Koboko nimebaki na nyumba yenye njia ndefu kuliko mahitaji yake, na jirani huitumia kusukumia mikokoteni ya magunia ya karanga.

Mwezi uliopita baba alinipigia simu. Kuna bibi mmoja wa Abuku alikuja kumtembelea Midia na mwanawe, akaomba kwenda uani, akakaa huko muda mrefu mpaka wakamhofia. Alipotoka alikuwa amemshika mwanawe mkono anamwambia, hii, hii ndiyo nataka. Nyonga zake zimekufa, hawezi kuchuchumaa tena.

"Nimewaambia utakuja Jumamosi," baba alisema.

"Baba, hukuniuliza."

"Sasa nakuuliza. Jumamosi uko na kazi?"

Sikuwa na kazi. Nilifika Abuku kabla jua halijawa kali. Bibi alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria, amevaa gauni la kanisani. Nilimsalimu kwa magoti, nikaweka gunia langu chini, nikatoa futi ya kupimia. Nikamwomba aje ajaribu kukaa kwenye viti vyao vyote, kimoja kimoja, aniambie kipi kinamruhusu kuinuka bila maumivu.

"Mbele ya watu wote hawa?" aliuliza, akiwatazama wajukuu waliojaa uwanjani.

"Ukipenda tutawafukuza."

"Waache," alisema. "Wataona bibi yao anavyopata kiti." Akaanza na kile cha mlangoni, akakaa, akatikisa kichwa. "Hii chini sana. Leta ingine."

Nikamletea kingine.